Mboji ya Baba Mkwe na Mawe Mepesi

Daftari lenyewe bado ninalo. Limeota ukungu kama kila karatasi inavyoota ukungu huku kwetu, na panya wamekula pembe moja, lakini mistari inasomeka. Kila siku niliandika neno moja au mawili: harufu nyingi, harufu kidogo, hakuna. Kuna siku nimeandika "sijui." Siku hizo ni nyingi kuliko ningependa, lakini ndizo ninazoziamini zaidi.

Sina hakika kama ni mimi niliyestahili kuyaandika haya. Niliishia darasa la saba. Aliyechora sanduku ni fundi, aliyeligharamia ni tajiri, aliyetoa mboji ni baba mkwe wangu. Mimi nililijaza tu, na mara ya kwanza nililijaza vibaya huku nikijua ninakosea. Labda ndiyo sababu naandika.

Ilikuwa miaka ile ushirika umekufa na kila mtu anajaribu biashara. Ghala la ushirika, lile lililokuwa kando ya barabara ya kushuka Kyela, lilikaa tupu muda mrefu, popo wakalala humo. Kisha akalichukua mtu wa mjini Tukuyu, Mwislamu mwenye bucha, mtu mpole anayeongea kama anahesabu maneno. Wakati huo watu wengi walianza kufuga kuku wa kisasa, na kuku hao walitaka chakula chenye nguvu. Tajiri akaleta mapipa makubwa mawili, akajenga majiko, akaanza kuchemsha mifupa na damu ya machinjioni, kukausha na kusaga. Tulikuwa wafanyakazi wanne. Mimi nilikoroga.

Harufu ile sijui niieleze vipi. Haikuwa ya kuoza moja kwa moja. Ilikuwa tamu kidogo mwanzoni, halafu utamu ukageuka ukakushika kooni. Na kwetu hewa haiendi mbali. Asubuhi ukungu hushuka kutoka mlimani Rungwe, ukapita kwenye chai, ukafika mlangoni na kusimama hapo kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Moshi wa mapipa ulipotoka ghalani ulikutana na ukungu huo, na ukungu ukaubeba polepole, bila haraka yoyote, ukaushusha bondeni kwenye migomba yetu. Nyumba ya kwanza kwenye njia hiyo ilikuwa ya baba mkwe.

Sasa lazima nieleze jambo, maana asiye wa huku atashangaa. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Hamsalimii, hamtaji jina, hakai anapokaa yeye. Wakikutana njiani mkamwana hukimbilia kwenye nyasi, hujifunika kitenge na kuinama mpaka mzee apite. Tunaita *ukutila*, yaani kuogopa, lakini siyo kuogopa kwa mtu mbaya. Ni heshima. Miaka hiyo wengi walikwishaacha, hasa walokole, na siwasemi vibaya. Sisi tulishika. Nilikaa kwenye boma lile miaka kumi na tatu na uso wa baba mkwe nimeuona mara mbili tu, zote kwa bahati mbaya. Sauti yake ndiyo niliyoijua. Ilikuwa sauti ya mkwaruzo, na ilikuwa haichoki.

Mume wangu alikuwa Kyela kwenye mpunga, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo bomani tulikuwa watatu: mama mkwe, mimi, na ile sauti ng'ambo ya migomba. Mimi nilipika, mama mkwe akapeleka chakula kwenye sahani ya bati yenye ua la bluu, kisha akairudisha. Sahani ndiyo ilikuwa barua kati yetu. Ikirudi tupu, nilijua mambo ni mazuri.

Mwezi wa pili wa kiwanda, sahani ilianza kurudi imejaa.

"Anasema ndizi zina ladha ya mfupa," mama mkwe aliniambia.

"Nimepika na maharage tu, mama."

"Najua. Nimekula mimi mwenyewe. Lakini puani kwake ni mfupa."

Nikaongeza chumvi. Siku iliyofuata nikaongeza tena, na pilipili. Sahani ikarudi imejaa. Na mzee, ambaye hakuweza kuniambia neno, aliwaambia mbuzi. Alikuwa na mbuzi watatu, na kila jioni mapema alipowaingiza bandani alihutubia kwa sauti ya kunifikia jikoni.

"Wewe beberu, watu wanasema unanuka. Wanakuonea! Kuna mtu hapa akirudi kazini, wewe ni ua waridi!"

Mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Lupepo mwenye kicheko kikubwa, nilipomsimulia alishika mbavu. "Lakini mzee anasema kweli, gwe! Sisi tukiingia kanisani, shetani mwenyewe anahamia benchi la nyuma." Nikacheka naye. Nyumbani sikucheka.

Kisha mama mkwe akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda. Alisema akitazama moto.

"Baba yenu anasema mahindi yakikauka anahama. Anakwenda Kinyala kwa binti yake."

Nilielewa. Mwanaume wa huku hahamii kwa mkwe wake kulishwa, labda awe hana boma. Mzee yule alizaliwa chini ya migomba ile, baba yake amezikwa pale nyuma ya zizi. Kama angeondoka, watu wasingesema amefukuzwa na kiwanda. Wangesema amefukuzwa na mkamwana wake. Na kusema haki, wasingekuwa wamekosea sana, maana mkorogaji alikuwa mimi.

Nilimwendea tajiri nikidhani atanifukuza. Watu humsema mfanyabiashara kwamba hana moyo. Huyu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake akaikung'uta.

"Dada yangu, mimi nilinunua mifupa. Sikununua laana za majirani. Ngoja nitafute mtu."

Mtu aliyempata alikuwa fundi kutoka Mbeya, mwembamba, mwenye maneno ya haraka. Alichukua boksi la kadibodi akalichana, akachora kwa mkaa. Moshi wa mapipa usitoke juu. Uvutwe na feni, upitishwe kwenye bomba lililolala ndani ya maji ili upoe, kisha uingie chini ya sanduku kubwa la matofali lenye kichanja cha mianzi. Juu ya kichanja panajazwa kitu mpaka kifuani kwa mtu. Hewa inapanda katikati ya kitu hicho taratibu, na inatoka juu ikiwa imeacha harufu yake ndani.

"Inaiacha wapi?" nikauliza.

"Inaliwa, mama. Kuna wadudu wadogo sana, huwaoni kwa macho. Wanakaa kwenye unyevu. Hiyo harufu kwao ni chakula."

Mwenzangu wa Lupepo akasema, "Basi hao si wa boma la baba mkwe wako. Wangechagua chakula."

"Na ndani tunajaza nini?" nikauliza.

Fundi akajikuna shingo. Hapo ndipo nilipompenda, kwa sababu hakujifanya. "Hapo sasa siwezi kukudanganya. Vitabu vinataja vitu vya huko kwao, magome ya miti ambayo hapa haipo. Tafuteni cha kwenu. Kitu kinachoshika maji lakini hakizibi hewa. Kisichosinyaa upesi. Na wadudu wapate pa kuanzia, wasiwekwe kwenye nyumba tupu."

Akaniachia mimi kazi ya kujaribu, kwa sababu nilikuwa nauliza maswali, nadhani, siyo kwa sababu ya akili. Ndiye aliyenipa daftari.

Nikiangalia nyuma, wiki zile za kujaribu zinanijia kama ndoto ya mchana. Mvua ya manyunyu isiyoanza wala kuisha, paa la ghala likinong'ona, na mimi nimechuchumaa mbele ya ndoo tano zilizotobolewa chini. Kila ndoo niliisimamishia kimwanzi kirefu kilichofika mpaka chini, nikajaza kitu kimoja, nikamwagia maji, nikakanyaga, kisha nikapuliza kwenye kimwanzi nione kama pumzi inatoka juu. Pumba za mpunga, alizoleta mume wangu kutoka Kyela: pumzi ilipita vizuri, lakini maji yalikimbia kama hayajawahi kuwepo. Maranda ya fundi seremala: yalishika maji, halafu yakavimba. Matawi ya chai yaliyopogolewa, nikayakatakata: mazuri, lakini yalikuwa machache, na shambani waliyataka wenyewe. Mboji ya chini ya migomba: nyeusi, ya vuguvugu, yenye harufu ya mvua ya zamani. Niliingiza mkono humo nikatamani nisiutoe. Lakini nilipoikanyaga na kupuliza, mashavu yalinijaa kama ya ng'ombe, na pumzi haikupita.

Ndoo ya tano ilikuwa ya mawe mepesi. Huku kila mtu anayajua. Ukichonga ukingo wa barabara yanajitokeza, meupe-meupe, yenye vitundu, mepesi kama mkate uliokauka. Tunasugulia miguu. Ukiyatupa mtoni yanaelea. Niliyaona kwenye beseni langu la kuogea nikawaza, haya ni nyumba tupu zenye vyumba vingi. Pumzi ilipita kama haikukuta kitu. Lakini niliyaweka juu ya mvuke wa pipa siku nne na harufu ilipita vilevile, bila hata kubisha hodi.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu mkononi, au nusu ya jibu: mawe yashike nafasi, mboji ilete wadudu. Niliandika kwenye daftari: "Jaribu kuchanganya." Tarehe sikuweka, lakini ukurasa ni ule uliotangulia mavuno ya mahindi.

Kabla sijachanganya, mzee alisikia. Mama mkwe alikuwa amemsimulia, maana alimsimulia kila kitu. Asubuhi moja nikiwa naosha vyombo, sauti ilitoka ng'ambo ya migomba.

"Mwambie huyo mtu, kuna haja gani ya kuhangaika na ndoo! Mbwa akifa, tunamzika wapi? Kwenye migomba. Ananuka? Hanuki! Mboji ya hapa imekula mbwa, imekula mbuzi wa tauni, itashindwa na moshi? Ajaze mboji. Nitachimba mwenyewe."

Na akachimba. Mtu aliyekuwa hali vizuri kwa miezi miwili alichukua jembe akachimba mboji ya migomba yake, ile aliyoilimbikiza tangu ujana, akaijaza kwenye matenga, akayapanga kwenye ukingo wa njia ninapopita kwenda kazini. Asubuhi nikayakuta. Yalikuwa kumi na moja, yamefunikwa majani ya mgomba yasinyeshewe.

Ningefanya nini? Kumjibu siwezi. Kumtuma mama mkwe akaseme "mkamwana wako anasema hapana"? Hilo neno halina mlango wa kupitia. Hata kulifikiri niliona kama nimesimama mbele yake kichwa wazi. Tukabeba matenga, tukajaza sanduku mboji tupu mpaka kifuani. Fundi alikuwa amerudi Mbeya. Tajiri aliniuliza, "Una hakika, dada?" Nikasema ndiyo. Ule ndio uongo wangu, na hakuna aliyenilazimisha kuusema.

Na ilifanya kazi! Sitaki kumdhulumu mzee. Wiki tatu daftari linasema: kidogo, kidogo, hakuna, kidogo. Asubuhi sanduku lilikuwa likitoa mvuke mwembamba mweupe, na ukiweka kiganja ubavuni lilikuwa na joto kama tumbo la ng'ombe aliyelala. Nilikuwa nafika mapema ili niliguse tu. Niliota siku moja kwamba wale wadudu ni ndama wadogo mno, wanakuja kwa makundi kunywa. Sahani ilirudi nusu. Mzee aliwaambia mbuzi, "Mmeona? Mboji!"

Kisha ikaja mvua yenyewe. Paa la sanduku lilikuwa la majani, likavuja. Mboji ikalewa maji, ikashuka, ikashikana kama ugali uliolala. Hewa ilipokosa njia katikati ilijitafutia kando ya matofali, ikatoka kwenye nyufa ikiwa na harufu yake yote, na juu yake harufu mpya ya uchachu, ya mayai viza. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Hapa ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na sisi tu. Hakuna aliyemwambia mzee. Mama mkwe nilimwonyesha, akaona, akashika kinywa. "Nitamwambiaje kwamba mboji yake imeshindwa? Miaka arobaini sijamwambia kitu kama hicho." Mzee naye, akisikia harufu imezidi, alijua sababu ni moja: mboji haitoshi. Akachimba zaidi. Kila baada ya siku chache matenga yalipangwa njiani, yamefunikwa vizuri. Na mimi kila mara niliyabeba nikayamwaga juu. Mama wa Lupepo alisimama na koleo mkononi.

"Gwe, hivi tunajaza sanduku au tunazika mtu?"

"Ni ya baba mkwe."

"Aa." Akamwaga tenga lake bila neno lingine. Yeye pia ana baba mkwe.

Kadiri tulivyoongeza ndivyo ilivyozidi kuziba, na kadiri ilivyoziba ndivyo alivyochimba. Migomba yake ilianza kuonyesha mizizi. Daftari la siku hizo linasema nyingi, nyingi, nyingi, na mahali pamoja nimeandika "Mungu nisamehe" halafu nikafuta.

Jumamosi moja mama mkwe alirudi na sahani. Haikuguswa. Alikuwa na uso uliokauka.

"Amefunga blanketi lake na kigoda. Jumatatu shemeji yenu anakuja kumchukua kutoka Kinyala."

Nilikwenda kujificha nyuma ya jiko nikalia kidogo, siyo sana, maana nilikuwa na hasira pia, na sikujua ni hasira kwa nani. Ukungu ulikuwa umejaa uani. Nikakumbuka zile ndoo.

Jumapili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kanisani, nilibeba ndoo mbili kutoka ghalani. Ya kwanza niliijaza mboji tupu, iliyolowa, nikaikanyaga. Ya pili niliijaza mawe mepesi, makubwa kwa madogo, na katikati yake mboji ile ile kwa vikonzi. Nayo nikailowesha, nikaikanyaga kwa nguvu zile zile, kwa sababu sikutaka kumwonea mzee. Kila moja na kimwanzi chake. Nikamwomba mama mkwe amwite mzee zizini kwa jambo lolote. Alipokwenda, nikakimbia nimejifunika kitenge mpaka machoni, nikaziweka ndoo mbele ya mlango wake, nikarudi jikoni na kuchuchumaa nyuma ya ukuta wa mianzi. Nilijiona kama nimeiba.

Nilisikia hatua zake. Zikasimama.

"Hivi ni vitu gani?"

Mama mkwe hakujibu. Alikuwa ameniahidi hatajibu.

Ukungu ulikuwa ukidondoka kwenye majani ya migomba, tone, tone. Halafu nikasikia sauti ambayo sitaisahau: mzee anapuliza. Alipuliza ndoo ya kwanza, akakohoa. Akapuliza tena kwa muda mrefu, nikafikiri ataanguka. Kisha nikasikia anahama, na pumzi ya pili ikatoka kwa sauti nyepesi, *fuuu*, kama mtu anayepoza uji.

Akarudia. Mara tatu alirudia ndoo ya kwanza, mara tatu ya pili. Alikuwa mtu wa haki kuliko nilivyomdhania.

"Huyu mtu alijua," akasema.

Nikasikia akimgeukia mama mkwe.

"Nakuuliza wewe. Alijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo, baba."

"Na mlikuwa mnabeba tu? Matenga yote yale?"

"Tungekuambiaje?"

Nikamsikia anavuta kigoda, lazima alikuwa amekifungua kutoka kwenye blanketi, maana alikaa. Halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye kikohozi ndani. "Mmeniheshimu mpaka mmekaribia kuniua! Nimechimba migomba ya baba yangu mpaka mizizi, nyinyi mnasema ndaga fijo, asante sana, ndaga fijo!" Kicheko kikakatika. "Mwambie huyo mtu..." akasita. Alisita sana. "Mwambie mawe yake ni madogo mno. Yale ya kusugulia miguu yatajikusanya chini kama mchanga. Achukue ya ukubwa wa yai. Yapo kwenye ukingo wa juu, njia ya Matwebe. Mboji ni sawa. Mboji haina kosa."

"Mboji haina kosa," mama mkwe akarudia.

"Nimesema hivyo."

Jumatatu shemeji alikuja. Alipewa chai akarudi Kinyala peke yake, na ujumbe kwamba mzee ana kazi hajamaliza. Lakini sikudanganyika. Kigoda kilikuwa kimefunguliwa, blanketi lilikuwa bado limefungwa kwa kamba, mama mkwe aliliona. Mzee alikuwa amejipa muda, hajabadili nia.

Tajiri alifunga kazi siku tatu tuzoe ile mboji iliyochacha. Nilimweleza ukweli wote, kwamba nilijua na nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi pia nina mkwe," basi. Akanunua bati kwa ajili ya paa. Mboji ya uchachu tuliirudisha kwenye migomba ya mzee, tukaifukia juu ya mizizi, nayo haikufanya kiburi, ikawa udongo tena.

Mawe tuliyaleta kwa mkokoteni kutoka ukingo wa Matwebe. Niliyamwaga uani karibu na migomba, nikaenda kazini. Jioni nilipopita yalikuwa mafungu mawili: upande huu ya ukubwa wa yai, upande ule chengachenga. Mzee alikuwa ameyachekecha. Siku ya pili vilevile. Tukawa tunafanya kazi moja bila kuonana. Mimi nikitoka, yeye anaingia. Nikirudi, nakuta alama ya kigoda chake kwenye udongo na vumbi jeupe juu ya majani. Mara moja nilikuta jiwe limewekwa peke yake juu ya fungu, kubwa, lenye vitundu vizuri mno. Sikujua kama ni mfano au ni zawadi au lilisahaulika. Sijui mpaka leo. Nililiweka katikati kabisa ya sanduku.

Tulipomaliza kujaza, feni ikawashwa, na nikaanza kungoja. Wiki nzima daftari halikubadilika: nyingi. Fundi alikuwa amesema wadudu huchukua muda kuhamia. Nilikuwa nalimwagia sanduku maji ya vuguvugu kwa kopo, na majivu kidogo kuondoa uchachu, nikiongea nalo kipumbavu. Ukungu ulikuja ukaondoka. Mvuke wa juu ulipanda sawasawa kila mahali, haukutafuta nyufa, kama uso wa bwawa asubuhi. Siku ya kumi na mbili nimeandika "sijui." Ya kumi na tatu, "kidogo?" na alama ya kuuliza. Ya kumi na tano nilisimama juu ya sanduku nikainamisha uso nikavuta pumzi, na nilichosikia ni msitu baada ya mvua, na kwa mbali sana, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde, mfupa.

Lazima niseme kwamba ndizo siku zile kiangazi kilipoanza, na upepo ulikuwa umegeuka kidogo. Labda upepo ulisaidia. Mama wa Lupepo anasema ni mawe, tajiri alisema ni bati, mama mkwe anasema ni maombi. Mimi siwezi kuapa. Sanduku lilifanya kazi misimu miwili ya mvua baada ya hapo bila kushuka hata kiganja, mpaka tajiri alipohamishia mapipa Mbeya. Leo limeota jimbi, na vyura wanalala humo.

Lakini siku ninayotaka kuiandika ni ya kumi na saba. Nilirudi nikapika ndizi na maharage kama kawaida, mkono wangu ukaenda kwenye chumvi kama ulivyozoea, mara moja, mara ya pili, na pilipili. Mama mkwe akapeleka. Mimi nikakaa nyuma ya ukuta wa mianzi nikimenya za kesho, sikungoja kitu.

Sahani ilirudi tupu. Hata maharage yaliyoganda kwenye ua la bluu yalikuwa yamekwanguliwa. Mama mkwe aliishika kwa mikono miwili, hakuiweka chini.

"Amelifungua blanketi," akasema.

Kisha ng'ambo ya migomba ile sauti ikakwaruza, kali, yenye hasira ya kweli, na haikuongea na mbuzi.

"Mwambie huyo mtu, chumvi imezidi! Anataka kuniua? Tangu lini watu wanapika hivi?"

Tangu mwezi wa pili wa kiwanda, baba, nikasema moyoni. Nikachovya kidole kwenye sufuria nikaonja, na kweli, ilikuwa haivumiliki. Ilikuwa haivumiliki siku zote hizo, na sisi wote watatu, pua zimejaa mfupa, hatukujua. Nilichukua daftari nikaandika kabla sijaosha mikono, na alama ya kidole cha mafuta bado ipo pembeni: Hakuna. Chumvi imezidi.